Vazi la Haruni lilikuwa mzigo

Fundi yeyote aliyeshona majoho ya kwaya anajua kuwa nguo huanza kuchoka shingoni. Joho likivaliwa na huyu Jumapili hii na yule Jumapili ijayo, likipitishwa kichwani kwa haraka watu wakiwa wamechelewa ibada, pindo litadumu na mikono itadumu, ila ukosi utaachia. Kwa hiyo niliposoma kwa makini Kutoka sura ya 28, inayoeleza mavazi ya Haruni, Kuhani Mkuu wa kwanza wa Israeli, kilichonisimamisha hakikuwa dhahabu wala vito. Ni mstari wa 32. Joho la rangi ya samawi liwe na tundu katikati la kupitisha kichwa, na tundu hilo lizungushiwe utepe wa kufuma, kama tundu la vazi la chuma la askari, ili lisiraruke. Aliyeandika hayo alikuwa amekaa na mafundi. Kanzu za pwani zina busara hiyohiyo: darizi ya shingoni inapendeza, na papo hapo ndiyo inayoshika kitambaa kisifumuke.

Siku hizi wateja wengi huja na picha kwenye simu. Wanataka vazi la kikuhani: kilemba, kifuko cha kifuani chenye vito vinavyometameta, mikanda ya dhahabu. Wengine ni wa maigizo ya Pasaka, wengine ni watumishi wanaotaka kuvaa hivyo madhabahuni. Nawashonea, ni kazi yangu. Lakini kila mara natamani tungekaa kwanza tuisome ile sura pamoja, kwa sababu picha zile zimechukua mng'ao wa vazi na kuacha kazi yake. Ni kweli Musa aliambiwa amfanyie ndugu yake mavazi matakatifu "kwa utukufu na kwa uzuri". Ukiendelea kusoma, hata hivyo, utaona kuwa karibu kila kipande cha uzuri huo kimepewa kitu cha kubeba. Haruni anabeba majina, anabeba hukumu, anabeba hata uovu. Sura inarudia jambo la kubeba mara nyingi kuliko inavyotaja utukufu.

Tuanze na ngozi, twende nje. Kuhani wa kawaida alikuwa na nguo nne, zote za ibada tu: suruali ya kitani kutoka kiunoni hadi mapajani, kanzu, mshipi na kofia. Kuhani Mkuu aliongeza nne juu yake: joho la samawi, naivera (vazi la juu lenye vipande vya mabegani), kifuko cha kifuani na bamba la dhahabu kwenye paji la uso. Viatu havimo. Katika orodha inayohesabu hadi pete na vikuku vya mikufu, hakuna kiatu, na mapokeo ya Kiyahudi yanasema makuhani walihudumu pekupeku, wakikanyaga sakafu ya mawe kwa nyayo zao. Mwenye dhahabu kichwani alikuwa mtupu miguuni, kama Musa kwenye kijiti kilichowaka moto.

Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi aliyezaliwa mwaka 37 BK katika ukoo wa makuhani na kuliona Hekalu la Yerusalemu kabla halijachomwa, anaeleza mshipi kwa jicho la mtu aliyeuona ukivaliwa. Ulikuwa mpana kama vidole vinne, ukazungushwa mwilini, na ncha zake zikashuka hadi kwenye vifundo vya miguu. Kuhani akisimama tu, mshipi unaning'inia na kupendeza. Akianza kazi ya dhabihu, anautupia bega la kushoto usimkwaze. Hapo unamwona mtu halisi, ana kuni, ana moto, ana damu mikononi, na nguo ndefu inayotaka kumzuia.

Malighafi nazo zina maneno. Nyuzi za samawi, zambarau na nyekundu zilikuwa za sufu. Nguo nyeupe ilikuwa kitani, na kitani bora cha nyakati zile kilikuwa sifa ya Misri. Sasa, Torati inamkataza Mwisraeli kuvaa nguo iliyochanganywa sufu na kitani. Imo katika Walawi 19 na tena katika Kumbukumbu la Torati 22. Naivera na kifuko vimechanganya vyote viwili, kwa amri. Pazia la Patakatifu pa Patakatifu, chumba cha ndani kabisa, lilifumwa kwa mchanganyiko huohuo, na mapazia ya ndani ya Hema ya ibada pia. Yaani kilichokatazwa nyumbani kilikuwa kitambaa cha nyumba ya Mungu, na Kuhani Mkuu alikuwa amevikwa kitambaa cha nyumba ile. Alipoingia ndani hakuonekana kama mgeni. Alionekana kama sehemu ya kuta zake.

Dhahabu haikubandikwa juu. Kutoka 39 inasema waliifua ikawa mabamba membamba, wakaikata iwe nyuzi, wakaifuma pamoja na zile rangi. Marabi, walimu wa sheria wa Kiyahudi ambao mijadala yao imekusanywa katika Talmudi, walipiga hesabu: kwa kila aina ya uzi, nyuzi sita pamoja na mmoja wa dhahabu, kwa aina nne, yaani rangi tatu na kitani, jumla 28 zimesokotwa pamoja kuwa uzi mmoja. Nimewahi kufanya kazi na uzi wa dhahabu wa kiwandani, ambao ni plastiki tu, na hata huo unakata vidole na kukwama kwenye sindano. Uzi wa dhahabu ya kweli, umekatwa kwa mkono, ukisokotwa na sufu! Si ajabu sura inasema Mungu aliwajaza mafundi roho ya hekima. Na wanawake wametajwa, katika Kutoka 35: wenye mioyo ya hekima walisokota kwa mikono yao wakaleta nyuzi za samawi, zambarau na nyekundu. Mahubiri ya Haruni husahau kuwa vazi lake lilianzia kwenye mapaja ya wanawake waliokuwa wakisokota.

Rangi yenyewe ilitoka mbali. Zambarau na samawi zilipatikana kwa konokono wa baharini wa Mediterania, kazi iliyowapa utajiri na sifa watu wa Tiro na Sidoni. Mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 kupata gramu 1.4 tu za rangi. Ni kazi yenye uvundo, konokono wakipasuliwa kwa maelfu. Wataalamu wa mambo ya kale walipochimba bonde la Timna, kusini mwa Israeli, walipata vipande vya sufu ya zambarau vyenye umri wa miaka 3,000 hivi, wakatangaza mwaka 2021 kuwa rangi yake ni ya konokono. Hiyo ni karibu na enzi za Daudi, katika jangwa la machimbo ya shaba, mbali na bahari ile. Kwa hiyo rangi hizo hazikuwa ndoto za waandishi. Zilikuwepo, zilivaliwa, na zilikuwa ghali mno.

Sasa tufike kwenye majina.

Mabegani pa naivera paliwekwa vito viwili vya shohamu, vimechorwa majina ya wana wa Israeli, sita huku na sita huku, kwa taratibu ya kuzaliwa kwao. Kifuani palikuwa na kifuko cha mraba, shubiri moja kwa shubiri moja. Tandaza kiganja chako, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Ndiyo nafasi yote. Ndani ya eneo hilo dogo vilipangwa vito kumi na viwili katika safu nne, zumaridi, yakuti samawi, yaspi na vinginevyo, kila kimoja na jina lake limechorwa kama muhuri unavyochorwa. Kifuko kilifungwa kwenye naivera kwa kamba ya samawi na mikufu ya dhahabu, kisisogee wala kutoka. Ndani ya mkunjo wake ziliwekwa Urimu na Thumimu, za kuulizia shauri la Mungu.

Yatazame majina yenyewe. Reubeni yumo, aliyepanda kitanda cha baba yake. Simeoni na Lawi wapo, waliowaua watu wa Shekemu, na Yuda aliyetaka faida kwa kumuuza ndugu yake. Dani, Naftali, Gadi na Asheri ni watoto wa vijakazi Bilha na Zilpa, na mabegani hawakupewa kito cha pembeni wala maandishi madogo. Wamekaa palipo zamu ya kuzaliwa kwao. Haruni hakupewa nafasi ya kuchagua wa kumbeba. Hakuweza kufungua kito kimoja kwa sababu kabila fulani lilimnung'unikia wiki ile, na walimnung'unikia sana. Begani ni mahali pa mzigo, kifuani ni mahali pa mapenzi, na majina yaleyale yakawekwa kotekote. Nadhani aliyebuni vazi hilo alijua kuna viongozi wanaobeba watu begani pasipo kuwapenda, na wengine wanaosema wanapenda lakini hawabebi chochote.

Hapa ndipo ninapowauliza wateja wangu swali moja, kwa heshima: vito hivi kumi na viwili unavyotaka kifuani, vitakuwa na majina ya nani? Wengi hunyamaza. Mmoja, mchungaji kijana, aliondoka akarudi baada ya muda na orodha ya jumuiya kumi na mbili za usharika wake, akaniomba niyatarizi majina hayo kwa ndani ya bitana, yasionekane na mtu. Sijawahi kushona kitu kwa furaha kama ile.

Bamba la dhahabu la kwenye paji lilikuwa na maandishi MTAKATIFU KWA BWANA, limefungwa kwenye kilemba kwa uzi wa samawi. Tungedhani linamtangaza mvaaji kuwa mtu safi. Mstari wa 38 unasema kitu kingine: Haruni atauchukua uovu wa vile vitu vitakatifu ambavyo wana wa Israeli watavitakasa. Yaani sadaka zenyewe zina kasoro. Mtu ameleta mwanakondoo huku moyo ukiwa na kinyongo, mwingine ameleta unga akiwa na haraka, na hata ibada njema ina doa. Bamba lipo ili madoa hayo yasihesabiwe kwa aliyeleta. Nimelisoma jambo hilo mara nyingi na bado linanigusa, kwamba hata toba yetu inahitaji mtu wa kuibebea aibu.

Nizungumzie njuga, maana hapa kuna hadithi imeenea sana katika makanisa yetu, kutoka Mombasa hadi Mbeya, na naona si haki iendelee. Husemwa kuwa Kuhani Mkuu alipoingia Patakatifu pa Patakatifu alifungwa kamba mguuni, na watu wa nje walisikiliza njuga zake. Zikinyamaza, wakajua amekufa, wakamvuta. Nimeisikia ikihubiriwa kwa nguvu na watu wakashangilia. Lakini kamba hiyo haimo katika Biblia. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, unaoeleza ibada ya Siku ya Upatanisho hatua kwa hatua katika kitabu cha Yoma, haiitaji, na Josephus pia haitaji. Inajitokeza katika Zohari, maandiko ya siri za Kiyahudi yaliyosambaa Hispania katika karne ya 13, zaidi ya miaka elfu moja baada ya Hekalu kuanguka.

Kuna kasoro kubwa zaidi. Njuga za dhahabu zilikuwa kwenye pindo la joho la samawi, zikipishana na makomamanga ya nyuzi. Siku ya Upatanisho, kwa mujibu wa Walawi 16:4, Kuhani Mkuu hakuingia mle ndani na joho hilo. Alilivua. Aliingia na kanzu ya kitani, suruali ya kitani, mshipi wa kitani na kilemba cha kitani. Hakukuwa na njuga za kusikilizwa. Zililia katika huduma ya kila siku, alipoingia Patakatifu penye kinara na mikate, na Kutoka inasema sauti yake isikiwe akiingia na akitoka, asije akafa. Mimi naelewa hivi: hata aliye na ruhusa haingii mbele za Mungu kwa kunyemelea. Mwaka 2011 Eli Shukron na Ronny Reich walipata njuga ndogo ya dhahabu katika mfereji wa maji machafu chini ya barabara ya kale ya Yerusalemu, si mbali na ukuta wa Hekalu. Ina kikonyo cha kushonea kwenye nguo, na ukiitikisa bado inalia. Hakuna anayeweza kuthibitisha ilikuwa ya nani, na haihitaji kuwa ya Kuhani Mkuu ili kutuonyesha kuwa watu wa mji ule walivaa vitu vya namna hiyo.

Kwa hiyo siku kuu kuliko zote katika mwaka, saa ya kuingia mahali pa ndani kabisa, vito viliachwa nje. Marabi waliuliza kwa nini dhahabu isiingie, wakajibu kuwa mshitaki hawezi kugeuka kuwa mtetezi. Dhahabu ilikuwa ushahidi wa ndama ambaye Israeli walimwabudu jangwani. Na nani alimtengeneza ndama yule kwa pete za masikio za watu? Haruni mwenyewe. Mtu aliyevikwa dhahabu alikuwa na kesi ya dhahabu, na aliruhusiwa kuivaa nje mbele ya watu, lakini si ndani alipokwenda kuwaombea. Sijui kama kuna rehema iliyoshonwa vizuri kuliko hiyo.

Usidhani, lakini, kuwa kitani kile kilikuwa cha bei rahisi. Mishna inataja kitani cha Pelusio, mji wa Misri, kwa asubuhi, na cha India kwa jioni, na inataja bei kubwa. Talmudi inaongeza kisa cha Eleazari mwana wa Harsom, ambaye mama yake alimtengenezea kanzu ya fedha nyingi kupita kiasi, nyembamba hivi kwamba makuhani wenzake walimzuia asiivae, kwa kuwa alionekana kama yu uchi. Mama alitaka mwanawe apendeze! Namwelewa kabisa. Lakini wenzake walikuwa na haki, maana suruali ya kitani iliamriwa hasa kwa ajili ya kusitiri.

Kuhusu maana ya vazi zima, wazee waligawanyika. Josephus aliona ulimwengu: kitani ni ardhi kinakoota, samawi ni anga, makomamanga ni umeme na njuga ni ngurumo, vito vya mabegani ni jua na mwezi, na vile kumi na viwili ni miezi ya mwaka. Philo wa Aleksandria, mwanafalsafa wa Kiyahudi, alikuwa na mtazamo wa jinsi hiyo. Hekima ya Sulemani 18:24 nayo inasema ulimwengu wote ulikuwa juu ya joho lake. Talmudi, kwa upande wake, inatafuta dhambi ambayo kila nguo inaipatanisha: kilemba kwa kiburi, mshipi kwa mawazo ya moyo, kifuko kwa hukumu zilizopotoshwa, na joho lenye njuga kwa masengenyo, sauti ikipatanisha sauti. Napenda zaidi wa pili, kwa kuwa wanabaki karibu na watu. Lakini ninapokumbuka kuwa Josephus aliandika huko Roma, Wayahudi wakishutumiwa kuwa wanawachukia wanadamu wengine, namsikiliza kwa upole. Alikuwa anasema kuhani wetu alibeba na dunia yenu pia.

Vazi lilizidi umri wa mvaaji, na hiyo ni sehemu ya mzigo. Hesabu 20 inasimulia jinsi Musa alivyompandisha Haruni mlima Hori pamoja na Eleazari mwanawe, akamvua mavazi yake na kumvika mwana. Kisha Haruni akafa, juu ya mlima. Ndugu anamvua ndugu yake, kijana anasimama akivikwa huku baba yake akitazama. Sura haisemi neno lolote lililotamkwa kati yao.

Lililozidi umri wa mtu linaweza pia kutekwa na wenye nguvu. Siku za Warumi, Josephus anasema, vazi la Kuhani Mkuu lilifungiwa katika ngome ya Antonia, ndani ya chumba cha mawe chenye mihuri. Siku saba kabla ya sikukuu mkuu wa kikosi aliwatolea makuhani, na ibada ikiisha lilirudishwa. Aliyeshika nguo alishika taifa. Vitellius, liwali wa Kirumi wa Siria, aliwarejeshea, baadaye liwali Fadus akataka kulichukua tena, na wajumbe wakasafiri hadi Roma, ambako mwaka 45 kaisari Klaudio aliamua libaki mikononi mwa Wayahudi.

Miaka ishirini na mitano tu ikabaki. Hekalu lilipoteketea mwaka 70, mtunza hazina aitwaye Fineasi alikamatwa, akawaonyesha Warumi kanzu na mishipi ya makuhani, pamoja na shehena ya nyuzi za zambarau na nyekundu zilizowekwa akiba kwa ajili ya kurekebisha pazia. Mafundi walikuwa wamejiandaa kwa viraka vya miaka ijayo.

Kipande kimoja cha vazi hilo, hata hivyo, hakikuwa hazinani. Hesabu 15 ilikuwa imemwagiza kila Mwisraeli, mchungaji wa mbuzi na mkulima, atie vishada kwenye ncha za nguo yake, na katika kila kishada uzi wa samawi, rangi ileile ya joho la Haruni. Kwa sufu ya uzi huo kwenye nguo ya kitani, marabi waliruhusu mchanganyiko uliokatazwa kwingineko, kwa hiyo mtu wa kawaida naye alibeba chembe ya ukuhani kwenye pindo lake. Elimu ya rangi ilipotea, vishada vikawa vyeupe kwa karne nyingi. Mwaka 1913 Isaac Herzog aliandika tasnifu yake London kuhusu rangi hiyo, na katika miaka ya 1980 Otto Elsner, mkemia wa chuo cha Shenkar nchini Israeli, aligundua kuwa maji ya konokono yakianikwa juani wakati wa kutia rangi, zambarau inageuka samawi safi. Sasa nyuzi hizo zinatengenezwa tena, na zinauzwa kwa yeyote anayetaka kuzifunga kwenye vazi lake la kusalia.